Banda la Kuku Wakati wa Kipupwe

Mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam akihamia Dodoma aghalabu hushangazwa na usiku wa mwezi wa Julai. Mji huu umekaa katika uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, usiku waweza kufikia nyuzi 13 au 14 za Sentigredi, na upepo mkavu wa mashariki na kusini-mashariki huvuma bila kuchoka. Sisi wakazi wa Mkonze hujifunika blanketi. Je, kuku wetu?

Swali hili si dogo. Kwa familia ya mfanyakazi kuku ni akiba: ni yai la mtoto, kitoweo cha mgeni, na daftari shule zifunguliwapo. Kwa kuhofia baridi na wezi, wengi wetu huwalaza kuku jikoni, au hata katika chumba wanamolala watoto. Hapo watoto huvuta vumbi la manyoya usiku kucha, huumwa na viroboto na utitiri, na hukanyaga kinyesi chenye vijidudu vya kuharisha.

Mama yangu mzazi alipokuja kukaa nasi, alitaka kuku wake wanane walale ndani. “Mwanangu,” aliniambia, “katika tembe la baba yako kuku walilala na sisi, wala sikuona aliyekufa kwa baridi.” Nilimjibu kwa adabu kwamba nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na kwamba mjukuu wake mchanga alikuwa akikohoa. Hakupendezwa. Siku mbili hakulitaja tena jambo hilo. Siku ya tatu alitoka uani alfajiri, akachota vumbi kiganjani, akalirusha hewani na kulitazama linakokwenda. Kisha akanyosha mkono: “Kama ni lazima walale nje, basi ukuta mzima uwe huku.”

Alikuwa ameonyesha upande wa kusini-mashariki, na hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Jenga banda refu kutoka mashariki kwenda magharibi. Kuta za kusini na mashariki ziwe nzima, za matofali ya udongo yaliyopigwa lipu. Upande wa kaskazini uwe na ukuta mfupi unaofika kiunoni, na juu yake wavu wa chuma. Dodoma iko kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo mwezi wa Julai jua hupita upande wa kaskazini na kuingia bandani, likikausha sakafu. Ifikapo Novemba na Desemba, siku za joto kali, jua huwa limehamia kusini, na upande huo ulio wazi hupata kivuli. Kwa kuku wanane hadi kumi wanaoshinda nje, banda la mita 2 kwa mita 1.5 latosha.

Kanuni ya pili huwashangaza wengi: usizibe banda pande zote. Joto la mwili wa kuku hufikia nyuzi 41, na manyoya yake akiyatutumua ni blanketi tosha kwa baridi yetu. Kinachomdhuru ni upepo unaompiga ubavuni na unyevu unaomlowanisha. Kinyesi chake kwa sehemu kubwa ni maji, na pumzi yake ina mvuke. Ukifunika banda lote kwa nailoni, mvuke huo hugusa bati lililopoa, hugeuka matone na kuwaangukia kuku. Harufu kali ya kinyesi nayo huwaunguza macho na mapafu, nao huanza kukoroma na kutokwa na kamasi. Kwa hiyo acha nafasi ya wazi chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku, na uizibe kwa wavu ili kicheche asipite. Usiku wa upepo mkali, teremsha gunia upande wa wavu, lakini nafasi ile ya juu ibaki wazi.

Usafi nao hupangwa wakati wa kujenga. Paa liwe la kimo cha mtu, na mlango umruhusu mtu kuingia na ufagio bila kuinama. Banda linaloumiza mgongo halifagiliwi. Vichanja vya kulalia viwe vya miti laini, unene wa mpini wa jembe, na kila kuku apate sentimita 20. Visipigiliwe misumari. Viegeshe tu, ili vitolewe na kumwagiwa maji ya moto, kwa maana utitiri hujificha mchana katika nyufa na hutoka usiku kunyonya damu. Chini ya vichanja weka kipande cha bati cha kupokea kinyesi. Kila asubuhi kikwangue, kinyunyizie majivu, kirudishe: ni kazi ya dakika tano. Sakafuni tandaza maranda ya mbao kutoka kwa seremala, na uyabadilishe yakilowana. Samadi hiyo ikisha kuoza ni chakula kizuri cha mchicha.

Vifaranga wasio na mama ni shauri jingine. Juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Ukiwawekea jiko la mkaa, hewa lazima ipite, maana mkaa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua kifaranga na mwenyewe pia.

Aidha, banda zuri halizuii mdondo. Ugonjwa huo waweza kumaliza kundi zima kwa siku chache, na kinga yake ni chanjo ya matone ya jichoni kila baada ya miezi 3. Mwone afisa mifugo wa kata yako.

Banda likisha kamilika, lipime hivi. Alfajiri, kabla kuku hawajatoka, fungua mlango, ingiza kichwa uvute pumzi. Macho yakikuwasha, ongeza nafasi ya hewa juu na uondoe kinyesi siku hiyo hiyo. Usipohisi ila harufu ya maranda makavu, wape kuku maji na uende kazini bila wasiwasi.