Blanketi la Dirishani

Baba alifanya zamu ya usiku stesheni ya Kintinku, kwenye reli ya kati. Asubuhi alirudi na chemli mkononi, jua likimpiga usoni kutoka upande wa Bahi. Mama alikuwa keshaziba dirisha kwa blanketi. Mimi, mtoto wa darasa la saba niliyependa kitabu kuliko jembe, nililifunua nipate mwanga wa kusomea.

Mzee aligeuka, akajigeuza tena, mwisho akaketi.

"Baba, mbona hulali?"

"Mwili umechoka, mwanangu. Kichwa ndicho kimegoma."

Majirani walimwita bundi. Nami, jamani, nilimwona mvivu. Mtu mzima gani yuko kitandani saa nne asubuhi?

Miaka ikapita. Nikapata kazi ya kulinda ghala usiku kule Dodoma, na usingizi wa mchana ukanikimbia vilevile. Ndipo nikaanza kusoma habari za saa ya mwilini.

Kumbe ipo, ndugu msomaji! Imekaa ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho mawili inapopishana. Kwa panya ni seli kama 20,000 tu. Kila seli huhesabu takriban saa 24 kwa jeni zinazojiwasha na kujizima. Uchunguzi wa jeni za namna hiyo kwa inzi wadogo wa matunda ndio uliowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Ila saa hiyo haiendi sawa na jua. Kwa binadamu wengi huchelewa kidogo, hivyo lazima irekebishwe kila siku. Fundi wake ni mwanga, na tarishi wa fundi ni kalsiamu, madini yaleyale ya mifupa. Nje ya seli imejaa, mara 10,000 hivi kuliko ndani. Mwanga ukiingia jichoni wakati wa giza, ujumbe hufika kwenye seli zile, milango hufunguka, kalsiamu humiminika ndani. Jeni iitwayo Per1 huwashwa, na mshale unasogea. Mwanga wa usiku mchanga huichelewesha saa. Wa alfajiri huiwahisha.

Basi nikamwelewa mzee. Chemli yake haikuwa na ubavu wa kushindana na jua. Kila asubuhi njiani jua liliuambia ubongo wake: kumekucha! Alipojitupa kitandani, saa yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza siku, kama sisi Waswahili tunavyoanza kuhesabu kukisha kucha: saa moja, saa mbili. Halafu mimi nikamwongezea jua dirishani.

Mzee hayupo tena, na radhi sikumwomba.

Siku hizi nikitoka zamu navaa kofia pana, nainamisha uso, nikifika naziba dirisha kwa blanketi. Juzi binti yangu alilifunua, kitabu mkononi. Nilitaka kufoka. Nikanyamaza, nikainuka, nikamtolea kigoda nje, kwenye mwanga.