Dada Yangu, Baiskeli, na Ile Video Niliyoitoa

Wadau, leo nakiri kitu. Ile video yangu ya mwezi wa sita, ile ya "diaspora wamegeuka wazungu", nimeitoa. Najua mlicheka, na ndiyo iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Mnaoniuliza imeenda wapi, kaeni niwaambie.

Dada yangu na mume wake wanaishi Bergen, Norway, mwaka wa saba sasa. Dada anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shemeji anaendesha basi. Bergen ni kama Kericho iliyosukumwa hadi baharini: mvua karibu kila siku, ukungu, milima ya kijani. Tofauti ni jua. Mwezi wa sita na wa saba sisi hapa Bomet tunavaa sweta mbili, na ikifika saa moja jioni ni giza. Kwao ndiyo kiangazi, na kuna siku jua linazama baada ya saa tano usiku. Ukimpigia saa nne usiku, huku tumeshafunga ng'ombe na kuzima taa, kwake ni saa tatu na bado jua linampiga usoni.

Basi maisha yao ya miezi hii ni ya nje. Wakitoka kazini wanapanda mlima Fløyen kwa miguu, wakishuka wananunua stroberi kwenye kibanda cha barabarani. Mvua ikikatika hata kwa saa mbili, watu wanajaa bustanini kuchoma nyama. Dada anasema watu wa huko wanalikimbilia jua vile sisi tunakimbilia lori la majani chai.

Halafu kuna baiskeli. Dada amejifunza kuendesha mwaka huu, na ana miaka 33. Kwetu baiskeli ilikuwa ya wavulana, na hata kwa wavulana haikuwa ya raha. Ilikuwa ya kubeba maziwa, magunia ya viazi, mahindi ya kusaga. Mimi nimesukuma baiskeli ya maziwa kutoka darasa la tano, na sikumbuki siku niliyoipanda bila mtungi nyuma. Sasa shemeji amekuwa akimfundisha uwanja wa shule ulio karibu na kwao, saa nne usiku na mwanga bado upo, yeye ameshika kiti, dada anapiga kelele. Wamenunua mbili zilizotumika. Jioni moja kamera ikanionyesha shemeji amezipindua sebuleni anapaka mnyororo mafuta, dada anakunja koti la mvua lake mara ya tatu.

Mpango wao ni kupanda treni na baiskeli hadi Haugastøl, kisha waendeshe njia inayoitwa Rallarvegen mpaka Flåm, kijiji kilicho ukingoni mwa mkono wa bahari uliopenya kati ya milima. Ni kama kilomita 80. Ni njia ya juu, theluji inaweza kukaa hadi mwezi wa saba, ndiyo maana wamengoja mwisho wa mwezi. Nilicheka kusikia kwamba sehemu ya juu kabisa ni kama mita 1,340, kwa sababu sisi huku tunakula na kulala karibu mita 2,000.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Mwezi wa sita nilimwomba shilingi 40,000 za simu ya kurekodia. Akaniambia kwa upole, "Mwaka huu hapana, tumeweka pesa za likizo." Likizo! Ya baiskeli! Mimi nikawasha simu yangu mbovu, nikasimama katikati ya chai, nikawaeleza nyinyi jinsi watu wetu wakivuka bahari wanasahau nyumbani na kununua baiskeli za kuchezea. Sikutaja jina. Lakini dada ana simu, na ana akili.

Alinipigia siku ya tatu. Hakufoka, afadhali angefoka. Aliniuliza, "Likizo yangu ya mwisho nilienda wapi?"

Nikasema, "Ulikuja nyumbani."

"Nimekuja mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kufanya nini?"

Nikanyamaza. Mara ya kwanza tulimzika Baba. Mara ya pili tulimzika Kogo. Katika miaka yote hiyo, dada yangu amesafiri likizo ili kuzika tu. Na katikati ya hayo mazishi alilipa karo yangu ya chuo miaka miwili, hadi siku niliyoacha bila hata kumuuliza. Hilo hakulitaja. Nalitaja mimi.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo. Tatizo langu halikuwa simu. Kichwani mwangu kupumzika ni kitu cha wazungu, na mtu wetu akipumzika anakuwa ameiba pesa ya mtu.

Angalieni hesabu. Norway mfanyakazi ana pesa ya likizo kwa sheria: angalau asilimia 10.2 ya mapato yake ya mwaka uliopita, na wengi huilipwa mwezi wa sita. Kwa hiyo dada hakuchukua pesa ya Mama wala yangu. Hata sisi tuna sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akimaliza miezi 12 apewe likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, na mshahara kamili. Mama alichuma chai ya kuajiriwa miaka 19, na hizo siku 21 alizipata. Unajua alizitumia aje? Alichuma chai yetu. Asubuhi ya kwanza ya likizo anafunga kikapu kilekile mgongoni, anaingia robo ekari yetu. Mimi nilikua nikidhani hiyo ndiyo maana ya neno likizo.

Kuna atakayesema, wao wana mishahara, sisi tunangoja bonasi ya Oktoba na hatujui itakuja na nini. Kweli, na simwambii mtu mwenye njaa apumzike. Lakini mimi mwenyewe nimewaambia humu mara ngapi kwamba kulala ni kwa waliofika? Na mimi sijafika, nimechoka, na bado nilimcheka aliyeamua kupumzika.

Hiyo Rallarvegen haikuchimbwa kwa watalii. Ilijengwa kwa ajili ya vibarua waliokuwa wakijenga reli ya Bergen, iliyofunguliwa 1909, na jina lenyewe ni njia ya vibarua. Leo watu wanaipita wakipiga picha. Barabara zetu za katikati ya chai pia zilitengenezwa kwa kazi, na bado zinapitisha trekta na malori. Natamani siku moja binti wa mchumaji chai azipite kwa baiskeli bila mtu kumuuliza ametumwa wapi.

Nilimwomba dada msamaha. Akasema, "Sawa, sasa niombee mvua ipungue." Wanaondoka Ijumaa.

Jana nilimwonyesha Mama picha ya zile baiskeli. Akaziangalia kwa muda, akauliza, "Ya dada yako itabeba nini?"

Nikamwambia, "Haibebi kitu, Mama. Ni yeye tu na nguo zake."

Akanirudishia simu. "Basi aende," akasema, akarudi kukamua.

Sasa niambieni hapo chini: likizo yako ya mwisho ulienda wapi? Na usihesabu mazishi.