Kompyuta Yajua Hesabu, Mji Haijui

Akili ya kuambiwa, changanya na yako. Ndivyo walivyonena wahenga wetu, na ama kwa hakika hawakukosea. Mpenzi msomaji, nimeiteua methali hii kwa sababu naona ya kwamba kompyuta nayo, pamoja na sifa zake zote, ina akili ya kuambiwa tu. Leo ningependa nikueleze jinsi wataalamu wanavyoifunza kompyuta ijisahihishe inapokokotoa mambo ya umeme, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi wakaazi wa kisiwa hiki cha Mvita.

Siku hizi mtu akitaka kuunda redio au chaja ya simu, haanzi kwa kuchomea risasi. Kwanza huichora saketi yake katika kompyuta, na programu ikamwonyesha umeme utakavyopita. Programu iliyo mashuhuri katika kazi hiyo ni SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka wa 1973. Msingi wake ni kanuni ya Ohm ya mwaka 1827, tunayoisoma hapa Kidato cha Tatu, pamoja na kanuni za Kirchhoff za mwaka 1845, ambazo moja yake yasema kwamba mkondo wote unaoingia kwenye kiungo cha nyaya ndio unaotoka. Faida yake ni kubwa. Saketi ikiungua ndani ya kompyuta, hakuna moshi wala hujapoteza hata ndururu.

Lakini je, jawabu la kompyuta lalingana na kitu chenyewe? Mwalimu wetu wa Fizikia alitutaka tulipime jambo hilo kwa kifaa kidogo kabisa, yaani balbu ya tochi ya volti 2.5. Tuliipima kwa mita ikiwa baridi, ukinzani wake ukawa omu 1.1. Tukaiambia kompyuta, "Hii ni rezista ya omu 1.1, ipe volti 2.5." Ikajibu ampea 2.27. Kisha tukaiwasha balbu ya kweli kwa volti hizo hizo, na mita ikasoma ampea 0.30! Darasa zima likaangua kicheko. Tofauti ile si ndogo. Ni zaidi ya mara saba.

Hesabu ilikuwa sawa, bwana. Gawanya 2.5 kwa 1.1 nawe utapata hayo hayo. Kilichopungua ni habari. Waya mwembamba wa balbu ukiwaka huwa moto sana, na ukinzani wake hupanda kutoka omu 1.1 hadi kama omu 8. Kompyuta haikuambiwa hilo, nayo haina kidole cha kugusa balbu ikajua kama ni moto.

Hapa ndipo inapoingia elimu ya ujifunzaji wa mashine. Tulichukua vipimo vitano. Kwa volti 0.5 tulipata ampea 0.12, kwa 1.0 tukapata 0.18, kwa 1.5 tukapata 0.23; kwa 2.0 tukapata 0.26, na kwa 2.5 ile 0.30. Tukavitia vipimo hivyo katika programu fupi. Kompyuta hukisia mchirizi, hulinganisha na vipimo, huona imepotoka kiasi gani, halafu huurekebisha kidogo. Hurudia hivyo mara mamia mpaka tofauti iwe ndogo. Kanuni za Kirchhoff hazitupwi. Zinabaki kufanya kazi yake, na kile kilichojifunzwa kinajaza pale tu ambapo maelezo yetu yalipungua. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakifanya vivyo hivyo na transista, ila wao wana vipimo vingi mno na hesabu nzito kuliko zetu.

Ili tujue kama imejifunza au imekariri tu, mwalimu alikuwa ameficha kipimo kimoja, cha volti 1.8. Kompyuta ilisema ampea 0.25, na karatasi ya mwalimu ilipofunuliwa ilikuwa ni 0.25. Tulipiga makofi kama tuliofunga goli. Mwenzetu mmoja akauliza, "Na kwa volti 6 je?" Kompyuta ikajibu bila wasiwasi: ampea 0.48. Haya, balbu ya volti 2.5 ukiitia volti 6 inakatika papo hapo, na mkondo unakuwa sufuri. Hatukuwa tumeifunza kuhusu kukatika, kwa hivyo haikujua kwamba kuna kukatika. Mashine hujua kwa uhakika pale ilipopimiwa tu. Ukiitoa hapo, yakisia.

Maneno hayo yalinifikisha hadi kwa mjomba wangu. Mjomba ni fundi wa redio na amplifaya huku Mji wa Kale, katika kichochoro kisicho mbali na Ndia Kuu. Duka lake ni dogo, watu watatu wakiingia wa nne hungoja barazani. Nilimsimulia habari ya balbu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hiyo mashine yenu yajua hesabu, lakini mji haijui."

Nilimwuliza ana maana gani. Akanieleza kwamba michoro ya viwandani huandikwa kwa vifaa vipya, katika chumba chenye hewa nzuri. Nami nilikuwa nimesoma kwamba SPICE isipoambiwa vingine, hushika ya kwamba joto ni nyuzi 27. Mwezi wa Februari hapa Mombasa joto la mchana hupita nyuzi 30 kivulini, sembuse ndani ya amplifaya iliyofungiwa kabatini chini ya mabati! Dayodi ya silikoni hupungukiwa na kiasi cha milivolti 2 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Kapasita zenye maji ya dawa ndani hukauka, na mafundi huhesabu kuwa kila joto likizidi nyuzi 10 umri wake hupungua nusu. Tena kuna upepo wa bahari, unaoleta chumvi na unyevu mpaka miguu ya vifaa ikaota kutu ya kijani.

Mjomba hakuyasema haya kwa kubahatisha. Alifungua kasha akanitolea madaftari manne ya kurasa kubwa. Kila ukurasa ameupiga mistari: mchoro wasema volti ngapi, mita yasema ngapi, kifaa kina umri gani, na alichobadilisha. Ameandika hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Niliduwaa. Kile tulichokifanya shuleni kwa balbu moja, yeye amekifanya kwa mamia ya vifaa. Hayo ndiyo hasa mashine inayotaka kujifunza huyahitaji: jawabu la hesabu upande huu, jawabu la kweli upande wa pili.

Lakini mjomba ameamua kufunga duka mwisho wa mwaka huu. Macho yamechoka, na watu siku hizi redio ikiharibika hununua nyingine. Wanawe wako Maskati na wamemwita akapumzike. Nilipomwuliza madaftari yatakwenda wapi, alisema, "Nani ayataka? Muuza njugu atafungia njugu." Alisema kwa mzaha, ila mimi sikucheka.

Basi kila Jumamosi baada ya adhuhuri huenda dukani, yeye akanisomea maandishi ambayo siyafahamu, nami nikanakili katika kompyuta. Daftari la kwanza limekwisha, na la pili limefika nusu. Sina hakika kama nitamaliza yote kabla hajasafiri, maana baadhi ya alama zake azijua yeye peke yake.

Ndugu wanachama, kisiwa hiki hakikuanza ufundi jana. Pale Tudor iliasisiwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, katika miaka ya 1940. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wako huko wanaosomea umeme na kompyuta, na natumaini siku moja nitakuwa miongoni mwao. Hesabu za SPICE tutazipata, kwani ziko duniani kote. Vipimo vya amplifaya iliyokaa miaka 15 katika joto na chumvi ya Mombasa haviko Berkeley. Viko kwa akina mjomba, Kibokoni na Mwembe Tayari, navyo vyaozea makashani.

Kwa hivyo nawaomba: mwenye baba, ami au jirani aliye fundi, na amwendee na kalamu. Asingoje duka lifungwe. Mashine haiwezi kujifunza neno ambalo hakuna aliyeliandika, na wala sisi hatuwezi.