Modena, mji ambako siki hurithiwa na watoto

Mgeni anayetafuta siki maarufu ya Modena, kaskazini mwa Italia, huambiwa apande ngazi. Siki ya huko hukaa darini, chini ya vigae, nyingine katika nyumba za familia. Mapipa ya mbao, matano au zaidi, hupangwa kuanzia kubwa hadi dogo.

Kwa desturi ya zamani, mtoto akizaliwa, hasa wa kike, alianzishiwa mapipa yake. Siku ya kuolewa aliondoka nayo.

Siki ni kileo kilichogeuzwa asidi na bakteria. Mgema wa Pwani halihitaji somo hilo: tembo la mnazi likiachwa siku kadhaa huwa siki. Modena huanza na maji ya zabibu yaliyochemshwa saa nyingi hadi yakawa mazito. Joto la kiangazi huyapunguza, baridi huyatuliza. Kila mwaka hutolewa kidogo kutoka pipa dogo kabisa, nalo hujazwa kutoka lile linalolifuata kwa ukubwa, hivyo hivyo hadi pipa kubwa, ambalo ndilo hupokea maji mapya.

Haiuzwi kabla ya miaka 12. Ya daraja la juu husubiri 25. Kwa hiyo mapipa yaliyoanzwa mtoto akiwa mchanga hutoa siki yake ya kwanza akiwa mkubwa wa kutumwa dukani. Chupa ni ya mililita 100 tu, na bei yake humfanya mtu airudishe rafuni taratibu. Hudondoshwa matone machache juu ya jibini, stroberi, hata aiskrimu.

Mnunuzi aangalie neno “Tradizionale” kwenye lebo. Chupa nyingi zilizoandikwa Modena bila neno hilo zimechanganywa na siki ya divai, na sheria huzidai siku 60 tu. Kwa kachumbari zinafaa kabisa, ila zisilipiwe bei ya miaka 12.

Kwa usafi, siki nyeupe ya dukani inatosha. Ikichanganywa na maji na kuchemshwa, huondoa utando mweupe ulioganda ndani ya birika. Kisha birika lisuuzwe vizuri. Hukata pia shombo la samaki kwenye ubao wa kukatia. Lakini isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hata kwenye ndoo moja ya kudekia. Hutoka gesi ya sumu, na choo kisicho na dirisha hujaa upesi.