Punda naye huumwa meno

Ndugu msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipomfungua mnyama wako kinywa ukayatazama meno yake? Wengi wetu tunaofuga paka au mbwa mjini tutajibu kwamba hatujawahi. Tunampa chakula, tunampeleka kuchanjwa, basi, tunaona tumemaliza wajibu wetu. Kisiwani Lamu nimeona kwamba kutojali huku kuna gharama yake, na anayeilipa kwanza ni mnyama asiye na ulimi wa kujisemea.

Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba visivyopitika kwa gari. Saruji, mchanga na mawe yanayovushwa kwa mashua kutoka kisiwa cha Manda, vyote humalizia safari mgongoni mwa punda. Ndani ya shogi lake ndimo inamotoka ada ya shule na unga wa jioni wa jamaa nyingi.

Siku moja nikiwa barazani huko nilimwona punda akila. Alitafuna kwa upande mmoja, kichwa amekiinamisha, kisha akaangusha tonge la majani lililotafunwa nusu. Akachukua mengine, akaangusha tena. Mbavu zake zilihesabika. Kijana aliyekuwa naye alishika fimbo.

"Mvivu huyu," alisema. "Yuala kutwa, na nguvu hana."

Mzee aliyeketi karibu nami akamjibu, "Mwanangu, huyo hali. Huyo anajaribu kula. Hebu mfungue kinywa."

"Nilimfungua siku niliyomnunua," akasema kijana.

Jibu hilo, msomaji, ndiyo hadithi yenyewe. Siku ya kununua kila mtu ni mtaalamu wa meno ya punda, maana ndiyo yanayoonyesha umri wake. Meno ya utotoni hung'oka na ya ukubwani hutimia afikapo miaka mitano hivi. Bei ikishakubaliwa, kinywa hufungwa, na hakuna anayekitazama tena.

Kumbe meno ya punda si kama yetu. Hayo huendelea kutokeza kutoka kwenye ufizi, milimita mbili au tatu kila mwaka, na husagika kwa kutafuna majani magumu. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayasagiki sawasawa. Ya juu huchongoka upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Punda anayeshindia pumba laini na mabaki ya jikoni hana cha kuyasaga vya kutosha. Ncha hizo hukata nyama ya shavu na ulimi, na kila tonge huwa adhabu.

Punda naye ni mvumilivu, halii kwa maumivu. Ila dalili zipo: kuangusha matonge, kutokwa na udenda, kinywa kunuka, kukonda ingawa chakula kipo, na kinyesi chenye nyuzi ndefu za majani yasiyosagwa.

Tiba yake ni tupa. Daktari humpa punda dawa ya kumtuliza, humwekea chuma cha kukizuia kinywa kisifunge, kisha huzisugua zile ncha. Anayetakiwa kuifanya ni mtaalamu, si fundi seremala wa mtaani. Kukagua mara moja kwa mwaka humtosha punda mzima mwenye afya. Mzee huhitaji zaidi. Wenyeji wa Lamu si wageni wa tiba ya punda. Mwaka 1987 The Donkey Sanctuary, shirika lililoanzishwa Uingereza na Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo kisiwani humo cha kuwatibu bila malipo.

Yule kijana alimpeleka punda wake kwa daktari kesho yake, nami nikafuatana nao. Kinywa kilipofunguliwa, shavu kwa ndani lilikuwa na kidonda mahali ambapo gego lilikuwa likichoma. Kijana alitazama, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Muda wote huu?" Hakuna aliyemjibu.

Wewe wa mjini usiseme hayo ni ya Lamu. Ukoga ukiachwa kwenye meno ya paka au mbwa hugeuka gamba gumu, ufizi huvimba na kutoa damu, jino hulegea. Mnyama anayekikimbilia chakula kisha akarudi nyuma, au anayejipangusa mdomo kwa mguu kila mara, anakuambia jambo. Mswaki laini husaidia ukimzoesha polepole tangu akiwa mdogo. Lakini usimtilie dawa ya meno ya binadamu, kwani yeye hatemi, humeza, na baadhi yake zina zailitoli, sukari bandia iliyo sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo usimtupie. Hupasuka vipande vyenye ncha na huweza kumvunja jino.

Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Lakini punda akifa njiani, mzigo utabebwa na nani? Jioni hii, wewe na wanao, mwinueni paka wenu mdomo taratibu mtazame. Mkiona ufizi mwekundu, mpelekeni kwa daktari wa wanyama wiki hii, msingoje aache kula.