Ziwa Saimaa: sili walionaswa nchi kavu na minyoo wao

Savonlinna ni mji mdogo mashariki mwa Finland, mwendo wa saa nne na ushee kwa treni kutoka Helsinki, na njiani unabadilisha treni Parikkala. Mji umekaa juu ya visiwa, maji kila upande. Wageni wengi hufuata ngome ya Olavinlinna, iliyoanza kujengwa mwaka 1475. Mimi nilimfuata mnyama.

Sili, kwa msomaji ambaye hajapata kumwona, ni mnyama anayenyonyesha, mnene kama pipa, mwenye mapezi mahali pa miguu na masharubu kama ya paka. Chakula chake ni samaki. Karibu sili wote duniani ni wa baharini, lakini wa hapa wanaishi ziwani, katika maji yasiyo na chumvi. Wakati wa zama za barafu, uzito wa barafu uliikandamiza nchi hii chini. Barafu ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kuinuka polepole, na miaka inayokaribia 10,000 iliyopita Saimaa ikakatwa na bahari. Sili waliokuwa ndani wakabaki ndani.

Na tumboni mwao walikuwamo minyoo.

Najua mnasoma ukurasa huu mezani, lakini nivumilieni. Sili wa baharini ni nyumba ya wapangaji wengi: minyoo mirefu ya tumboni, tegu, minyoo ya mapafu, hata mmoja anayekaa moyoni na kuambukizwa na chawa wa sili. Watafiti wa Finland walipochunguza matumbo ya sili wa Saimaa waliokufa, walikuta aina chache tu. Mmoja ni Corynosoma, mnyoo mdogo mwenye kichwa kilichojaa miiba, ambao huitumia kujishikiza kwenye utumbo. Pamoja naye kuna tegu.

Kwa nini huyu alibaki na wengine wakapotea? Mnyoo wa namna hii anahitaji nyumba tatu. Mayai hutoka na kinyesi cha sili na kuzama. Chini humezwa na mdudu wa majini wa jamii ya kamba, mdogo kuliko ukucha. Mdudu huliwa na samaki, na samaki huliwa na sili, na humo tu ndimo mnyoo anapokomaa na kuzaa. Nyumba moja ikikosekana, ukoo umekwisha. Katika Saimaa wadudu hao wa zama za barafu nao walinaswa ziwani, wakazoea maji matamu, na Corynosoma akaokoka nao. Huko Siberia, katika ziwa Baikal, yuko sili mwingine asiyejua bahari, naye tumboni ana mnyoo wa jamii ya Contracaecum, ndugu wa wale wa sili wa chumvini. Kwangu mimi minyoo hawa ni kama lafudhi ya mtu aliyehama zamani: hata akikana, inamtaja alikotoka.

Ukishuka hadi bahari ya Baltiki mambo yanageuka ugomvi. Sili wa kijivu wa huko walikuwa wamebaki elfu chache miaka ya 1970, kwa kuwindwa na kwa sumu za viwandani. Sasa wanaohesabiwa wamepita 40,000. Kadiri walivyoongezeka, ndivyo wavuvi walivyozidi kukuta maini ya chewa wa Baltiki yamejaa Contracaecum, na samaki wenyewe wamekonda. Mvuvi anamwona sili kama mwizi aliyemla samaki na kuwaambukiza waliosalia. Simlaumu.

Mama wa nyumbani naye ana lake hapa, hasa aliye Ulaya anakouziwa samaki mbichi. Uholanzi, ambako heringi mbichi huliwa barabarani, ugonjwa wa tumbo unaotokana na mnyoo wa jamii hii ulielezwa na wataalamu mwaka 1960, na mwaka 1968 sheria ikataka samaki wagandishwe kwanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya leo ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, mpaka katikati ya nyama. Friza nyingi za nyumbani hazifiki huko haraka, na limau au siki haviui mnyoo. Moto unaua. Hata anayeparua dagaa wa Ziwa Victoria huenda amewahi kukuta utepe mweupe tumboni mwa samaki. Huyo ni tegu Ligula, ambaye nyumba yake ya mwisho ni ndege mla samaki.

Sokoni Savonlinna nilikula muikku, samaki wadogo wanaopakwa unga wa shayiri nyeusi na kukaangwa kwa siagi, moto kabisa.

Sili wa Saimaa sasa ni zaidi ya 400. Miaka ya 1980 hawakufika 200. Watoto wao hunasa nyavuni na kuzama, kwa hiyo kuanzia 15 Aprili hadi mwisho wa Juni uvuvi wa nyavu umepigwa marufuku katika sehemu kubwa wanakoishi. Huzaliwa Februari na Machi ndani ya mapango ya theluji ufukweni, na miaka hii theluji haitoshi. Basi wenyeji huenda ziwani na makoleo, wakairundika theluji kando ya visiwa, na sili jike huchimba pango lake humo.