Kaseti ya Baba

Krismasi ya mwaka juzi nilimwambia Baba azime Jim Reeves.

Sikutumia maneno hayo. Nilisema tu, sahani ya ndizi ikiwa mkononi, kwamba yule bwana alikwenda kuimba Afrika Kusini mwaka 1962, mwaka uleule Mandela alipokamatwa, akarudi tena 1963 kuigiza filamu ya Kimberley Jim, na akarekodi hadi nyimbo za Kiafrikana. Nilikuwa muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, nimesoma mambo mengi na sina wa kumwambia. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Baba, mwalimu mstaafu, alinisikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe. Tukamaliza kula tukisikiliza kuku wanaparura uani.

Krismasi iliyofuata redio haikutolewa kabatini.

Aliyekulia Uchagani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Desemba mabasi hujaa, kila mtu anapanda mlimani kwao, mbuzi anachinjwa, na katika nyumba yetu hakuna kilichoanza kabla ya The Twelve Songs of Christmas. Albamu hiyo ilitoka 1963. Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiirusha Reeves mwenyewe ilianguka karibu na Nashville, akafa akiwa na miaka 40. Aliishi Krismasi moja tu baada ya albamu. Baba amekaa nayo nyingi zaidi.

Waimbaji wa aina hii, kina Bing Crosby na Nat King Cole, ni watoto wa maikrofoni. Kabla yake ilibidi mtu apaze sauti imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Maikrofoni ikamruhusu aimbe kama anayeongea na mtu mmoja sebuleni. Crosby alirekodi "White Christmas" Los Angeles, mwezi Mei 1942, kwa hiyo hata yeye theluji aliivuta kwenye kumbukumbu. (Sisi yetu iko Kibo, na mara nyingi Desemba mawingu yanaificha.) Reeves alianza kwa kuimba kwa nguvu, kisha kwenye "Four Walls" ya 1957 akasogelea maikrofoni na kushusha sauti. Naelewa kwa nini Baba alimpenda. Sijawahi kumsikia Baba akifoka.

Desemba hii nilikuwa hosteli, Dar, joto limenishinda na tasnifu pia. Nikatafuta albamu ile kwenye simu, nikavaa spika za masikioni ili mwenzangu wa chumba asijue. Ilikuwa safi mno. Ilipofika "An Old Christmas Card" nikajikuta nangoja kitu. Wimbo ukaisha, hakikuja. Nikaurudia.

Kwenye kaseti yetu, katikati ya wimbo huo, kuna sauti ya mwanamke. Ni maneno machache, mbalimbali, kisha mlango. Tangu utoto nilidhani ni sehemu ya wimbo.

Nilimpigia Mama.

"Yule ni bibi yako," akasema. "Mama yake baba yako."

Baba aliirekodi mwaka 1986 kutoka kaseti ya kuazima, kwa kuweka redio mbili zitazamane mezani na kuwaamuru watu wote wanyamaze. Bibi alikuwa shambani, amri haikumfikia. Alifariki kabla sijazaliwa. Picha zake zipo mbili. Sauti ni hiyo tu.

"Mbona Baba hakuniambia?"

"Wewe ulimuuliza?"

Nilifika nyumbani tarehe 23, miguu imevimba kwa safari. Sikuwa na hotuba ya kuomba radhi. Nilikuwa nimeitunga njiani, ikaniishia Same. Nilifungua tu kabati, nikatoa redio, nikaifuta vumbi, nikaiweka mezani mbele yake. Baba aliitazama, akaenda chumbani, akarudi na kaseti na kalamu ya Bic. Akakaza utepe taratibu, jino kwa jino.

Mpira wa ndani umelegea, kwa hiyo Jim Reeves alikuja mzito na mvivu, kama aliyeamshwa. Tulikaa bila kusema. Wimbo wa nne ulipoanza Baba aliinua kidole. Sauti ikapita, mlango ukafuata.

Kichaga changu ni cha salamu na chakula. "Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema nizime," Baba akajibu. "Betri zitaisha."

Akaongeza sauti kidogo, akatoka kwenda kumwangalia mbuzi.